Mkwe Hasaidiwi Majini

Mimi hasira zangu ziko karibu, Likoni nzima yajua. Kwa hivyo watu waliposikia kwamba nimemfokea mwalimu wa kike kando ya bwawa kule Changamwe, hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Waliuliza sababu tu. Basi sababu ni hii, na yeyote aliyeoa atanielewa kabla sijafika mbali.

Naitwa Mbwana. Nimekuwa baharia wa meli za mizigo tangu ndevu hazijanitoka. Baba mkwe wangu, Mzee Mwidani, ni serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitaha. Nahodha akitaka kamba zifungwe au nanga ishushwe humwambia serahangi, na serahangi ndiye atuambiaye sisi. Mzee alinioza binti yake Waridi, na tangu siku hiyo mimi na yeye hatujapanda meli moja. Si kwa ugomvi, Mungu apishe mbali. Ni kwamba melini watu hulala kitanda juu ya kitanda, huoga bafu moja, na wakishakaa mezani midomo yao haina breki. Mtu na mkwewe watakaaje hapo? Wakala wa meli akituita sote kwa meli moja, mmoja wetu husema ana udhuru, akangoja nyingine. Hata nyumbani kwake sili naye sinia moja. Yeye hula barazani na wazee wenzake, mimi huwekewa changu ndani.

Sasa mwaka wa tisini na saba, Idi ndiyo kwanza imepita na nguo mpya bado zanuka duka, wakala akatuita ofisini kwake. Akatuambia wakubwa wa dunia walikutana London, wakazifumua sheria za mafunzo ya mabaharia na kuzishona upya. Zamani ilitosha kuwa na kitabu chako cha ubaharia chenye mihuri ya meli ulizopanda. Sasa kila mtu, awe serahangi au mpishi, sharti aonyeshe kwa mwili wake kwamba aweza kuzima moto, kumhudumia aliyeumia, na kujiokoa majini. Aonyeshe mbele ya mwalimu, ndipo apewe cheti kipya.

"Bila cheti hicho mimi sikuandikishi," wakala akasema. "Hata uwe ulizaliwa melini na kunyonyeshwa na nahodha."

Meli ya Mzee Mwidani ilikuwa inatarajiwa mwisho wa mwezi. Yangu ilikuwa nyuma yake kidogo. Tulipotoka nje nikaanza kuchemka. Nikasema huu ni utovu wa adabu, mtu kama serahangi wetu, aliyezunguka dunia kabla hao walioandika sheria hawajajua kufunga viatu, aende kujaribiwa kama mtoto wa chuo. Mla ni mla leo, mla jana kala nini, ndiyo maana yake.

Mzee akanisikiliza hadi nikaishiwa na pumzi. "Umemaliza?" akaniuliza. "Mimi nimewahi kumwona mtu ana kitabu kimejaa mihuri, na siku ya siku hajui jaketi la kuokolea hufungwa vipi. Tulimzika na mihuri yake. Sheria hii imechelewa, haijakosea."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulisahau wiki zote zile. "Mbwana, mimi nitashuka melini siku nitakayotaka mwenyewe. Sitaki kushushwa."

Nilijua hayo hayakuwa maneno ya kiburi. Wazee wawili watatu wa rika lake walikuwa wamekwisha kuambiwa na mawakala wao wapumzike, na ukiwapita pale sokoni Likoni utawakuta wamekaa wanatazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari, wanazitaja majina. Mzee Mwidani akipita hapo huongeza mwendo.

Basi tukaenda Changamwe, chuoni. Darasa letu lilikuwa na mchanganyiko: sisi wa Likoni, vijana kadhaa wa bara wanaotafuta meli ya kwanza, na Lewa, Mgiriama wa Junda, mpishi wa meli na mtani wangu wa siku nyingi. Moto tuliuzima. Mzee aliingia kwenye kile chumba cha moshi akatoka anatembea, vijana wakatoka wanatambaa. Huduma ya kwanza nayo tuliimaliza, ingawa Lewa alimfunga mgonjwa wake bendeji akamziba na pua. Likabaki somo la majini.

Mwalimu wa majini alikuwa mwanamke wa bara, jina lake Jael, mrefu, mwenye mabega ya kuli wa bandarini. Kiswahili chake kilikuwa cha mbio, kinaanza na neno lenyewe bila salamu, na siku ya kwanza nilimnunia kwa hilo tu. Alitueleza kazi. Utajirusha kutoka juu ukiwa na jaketi, utaogelea, utakipindua chelezo cha mpira kilicholala kifudifudi, kisha utapanda ndani yake.

"Kupanda ni peke yako," akasema. "Aliye ndani asimguse aliye nje. Najua kwa hatari ya kweli mtasaidiana, na ni vizuri. Lakini wa kwanza kufika kwa chelezo hana wa kumvuta, na hakuna ajuaye nani atakuwa wa kwanza."

Neno hilo lilikuwa wazi kama maji ya kisima. Tatizo ni kwamba alitupanga kwa herufi za majina. Lewa, Mbwana, Mwidani. Nikamnong'oneza mzee atangulie, nami nitamfuata. Mimi nitangulieje kuketi, mkwe wangu bado yuko majini?

"Zamu yako ni yako," akanijibu. "Nenda."

Lewa akapanda, akaketi anacheka. Mimi nikapanda, nikaketi. Ndipo mzee akajirusha. Kujirusha alijirusha vizuri, kuogelea akaogelea, na sisi tuliposhushwa ili akipindue chelezo, alikipindua hata Jael akaitikia kwa kichwa. Kisha tukawekwa ndani tena, naye akashika kamba ya pembeni, akaanza kupanda.

Hapo lazima nieleze. Bega la kulia la Mzee Mwidani liliwahi kupigwa na amari, ile kamba nene ya kufungia meli, ilipokatika bandarini Bombay. Lilipona, lakini halikurudi kuwa lile. Tena yeye ni mtu wa ngazi ya kamba. Miaka yote alipanda ubavu wa meli mwili umesimama wima, mikono inavuta, miguu inatafuta kidato. Majini hakuna kidato. Akajivuta, kifua kikafika ukingoni, miguu ikapita chini ya chelezo, akarudi majini chali. Akajaribu tena. Akarudi. Mara ya tatu maji yakamwingia puani, akakohoa, kofia yake ya mazoezi ikamfunika macho. Vijana waliokuwa wamekaa ukingoni mwa bwawa wakaanza kucheka, si kwa ubaya labda, ni ule ujinga wa ujana tu.

Mimi sikusikia tena habari ya kanuni. Nilichokiona ni babake Waridi anatapatapa mbele ya watoto wa juzi, na mimi nimekaa juu yake nimekunja miguu. Nikainama, nikakamata mikanda ya jaketi lake mabegani, nikamvuta kwa nguvu zangu zote hadi akaangukia ndani.

Filimbi ikalia. Jael alikuwa amesimama ukingoni, uso umekunjamana.

"Nani amekuambia umguse?"

"Huyu ni baba mkwe wangu," nikasema.

"Kwa maji hakuna mkwe."

Basi hapo ndipo nikafoka, na sikumwachia kitu. Nikamwambia labda kwao hakuna wakwe, labda kwao mtu huzaliwa tu akaoa mti. Nikamwambia sisi tuna adabu, na kama cheti chake kinataka mtu amtazame mkwewe akidhalilika, basi akitundike ukutani kwake. Hata Lewa, ambaye hunyamaza akilala tu, alinyamaza.

Jael hakunijibu kwa ukali. "Kwetu wakwe wako," akasema. "Kwetu mama mkwe huwezi hata kumpa mkono. Lakini hapa mimi simtafuti mkwe. Namtafuta mtu anayeweza kupanda, na huyu sijamwona akipanda. Wewe umempandisha. Nyote wawili mmefeli."

Nilifungua mdomo. Mzee Mwidani akasema, "Mbwana, nyamaza." Alikuwa bado anahema. Akamgeukia Jael. "Mwalimu, nafasi nyingine ipo?"

"Alhamisi ijayo. Moja tu. Mkikosa hapo, darasa lingine ni katikati ya mwaka." Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Mzee, unapanda kama uko kwa ngazi. Usisimame. Jizamishe kidogo, jaketi likurushe juu, na ukija juu lala kwa tumbo upige mateke. Mikono ni ya kujishikilia tu."

Katikati ya mwaka meli ya mzee ingekuwa imeshakwenda na serahangi mwingine, na wakala akishapata mtu mwenye cheti hamtoi kumrudisha wa zamani. Hilo kila mmoja wetu alilijua. Kwenye feri mzee akaenda kusimama mbele penye magari, mimi nikabaki nyuma penye mizigo. Ndivyo tufanyavyo siku zote, lakini siku ile nilishukuru, maana sikujua uso wangu ningeuweka wapi.

Nyumbani nikamkuta Waridi amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Habari zilikuwa zimetangulia, sijui zilipanda feri gani.

"Umefanya nini wewe?" akaniuliza.

"Nimemsaidia baba yako."

"Umemsaidia kufeli."

"Ulitaka nimwache? Anywe maji ya bwawa mbele ya wale watoto, na mimi nimekaa kama bwana harusi? Watu wangesema nini?"

"Baba alikuwa amevaa jaketi. Hakuwa anazama." Waridi hakupandisha sauti. Waridi akikasirika huongea pole pole, na hapo ndipo mimi huogopa. "Hebu nikuulize. Siku meli ya baba ikizama, wewe utakuwa wapi?"

Nikainama kuvua viatu.

"Utakuwa Karachi unakula biriani. Si nyinyi hampandi meli moja? Sasa huo mkono wako utamfikia vipi huko aliko?" Akakung'uta nazi. "Heshima yako kaiweke mezani, Mbwana. Majini baba ataka kujua kupanda."

Usiku ule nilitoka nikakaa uani hadi taa za majirani zikazimwa. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na aibu, lakini zaidi ya yote niliogopa, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amenionyesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiri: mkwe wangu peke yake gizani baharini, bega lake vile lilivyo, ameshika kamba ya chelezo na hakuna mtu ndani.

Asubuhi nikaenda kumtaka radhi. Mama mkwe, Bi Mwanasaumu, akanijibu kutoka nyuma ya pazia kama kawaida yetu. "Babako hayuko, mwanangu. Ameamkia pwani na lile tyubu la trekta. Tangu alfajiri. Hata chai hakunywa." Akanipitishia chupa ya chai chini ya pazia nimpelekee.

Nilimkuta ufuoni, mahali ambapo maji yanafika kifuani. Alikuwa amelifunga tyubu kwenye kigingi, juu yake amelaza ubao, na amevaa jaketi la kuokolea la zamani lililopauka. Anajizamisha, anaibuka, anajitupa, anateleza. Nikakaa mchangani nikampa mgongo. Si vizuri kumtazama mkwe katika hali hiyo.

"Nani huyo?" akaita.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Geuka."

"Baba, si vizuri nikutazame."

"Si vizuri, kweli. Geuka."

Nikageuka. Alikuwa amesimama majini, ndevu zinatona, anahema kwa nguvu.

"Nimekuja kukutaka radhi," nikasema.

"Radhi nimekupa jana kwenye feri, moyoni. Sasa njoo uketi juu ya huu ubao." Nikasitasita. "Njoo, Mbwana. Mimi nina siku hizi chache za kujifunza kupanda. Wewe unazo hizo hizo za kujifunza kukaa. Na naona kazi yako ndiyo ngumu, maana mimi bega tu ndilo linaloniuma."

Basi tukaanza. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajajaa ufuoni. Mimi juu ya ubao, yeye majini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilioga ya kwangu nikiwa mkavu. Siku ya kwanza hakuweza hata mara moja. Siku ya pili akafika tumboni, tyubu likabiringika na kututupa sote wawili, tukaibuka tunatema mchanga, nikamwona mkwe wangu anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile. Mbele yangu yeye hutabasamu tu. Nikacheka nami, kisha nikakumbuka ni nani, nikajifuta uso.

Siku iliyofuata bega lilimkamata. Aliganda katikati, nusu juu nusu chini, na sauti ikamtoka kooni. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Akaupiga kofi kwa kiganja chenye maji, kofi la kweli, akateleza akarudi majini.

"Mkono huo umetoka wapi?" akaniuliza.

"Umekwenda wenyewe, baba."

"Ufundishe."

Kwa hivyo nikaanza kuikalia mikono yangu. Nikaiweka chini ya mapaja nikaikandamiza, hadi ikafa ganzi. Nilikuwa namtazama akianguka. Nyinyi mnaosema kwamba kazi ngumu ni kubeba magunia, hebu siku moja mketi mumtazame mzazi akishindwa, na mnaweza kumsaidia, na msimsaidie. Mimi ningechukua magunia.

Baada ya mazoezi tulikaa mchangani. Chupa ya chai ilikuja na kikombe kimoja tu, kile cha kifuniko. Siku za mwanzo alikunywa yeye, akasuuza kwa maji ya bahari, akanipa. Mwisho mwisho akawa hasuuzi. Siku moja kabla ya Alhamisi akafanikiwa kupanda, kisha akashindwa mara nyingi, kisha akafanikiwa tena. Alilifungua tyubu kutoka kigingini, akaliweka begani, lile bega zima, tukarudi.

Alhamisi Lewa alikuja Changamwe ingawa yeye alikuwa amekwisha kufaulu na hakuwa na shughuli yoyote pale.

"Wewe umefuata nini?" nikamuuliza.

"Nimekuja kuona mkwe akikaa," akasema. "Nimepika melini miaka yote, sijawahi kuona nyama inayotulia jikoni bila kifuniko."

Sikuwa na nafasi ya kumrudishia. Jael alikuwa ameshafika, na wale vijana walikuwa ukingoni vilevile kama siku ile. Akanitazama. Nikamwambia, "Mwalimu, yale maneno ya juzi nimeyarudisha mwenyewe, niwie radhi." Akaitikia kwa kichwa tu, akanionyesha maji. Kwa herufi. Mbwana kwanza.

Nikajirusha, nikafanya yangu yote, nikapanda, nikaketi. Nikaikalia mikono.

Mzee Mwidani akajirusha. Akaja akiogelea chali, pole pole, bila haraka, akakamata kamba. Na jambo la kwanza alilolifanya, Mungu wangu, likawa lile lile la zamani. Mazoea yana mizizi. Akajivuta wima kama anapanda ubavu wa meli, miguu ikapita chini, akaanguka chali. Kijana mmoja akaguna. Nikamtazama Jael, naye alikuwa ananitazama mimi, si mzee. Nilitamani kumtia yeye majini, amini.

Mara ya pili alikumbuka. Akajizamisha, jaketi likamrusha, akalala kwa tumbo, mateke yakapasua maji, kifua kikapita ukingo. Ndipo bega likamsaliti. Nililiona likilegea. Akateleza taratibu, vidole vinakwaruza mpira, akarudi chini, maji yakamwingia mdomoni. Akakohoa muda mrefu. Hakuna aliyecheka sasa. Alikuwa ameshika kamba kwa mkono wa kushoto, amefumba macho, anapumzika, na paji la uso wake lilikuwa limeegemea mpira mahali ambapo unyayo wangu upo upande wa pili.

Fikiria. Uso wa baba wa mke wangu uko kwenye unyayo wangu, na mimi sina ruhusa hata ya kuuondoa mguu, maana chelezo kingetikisika. Machozi yalianza kunitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Nilihisi mwili mzima unaniambia inuka, wewe ni mtu wa aina gani, inuka. Nikasogea kidogo, kidogo tu.

Mzee akafumbua macho. "Kaa," akasema, kwa sauti ambayo mimi pekee niliisikia.

Nikakaa.

Akavuta pumzi, akajizamisha chini hadi kichwa kikapotea. Nikaona maji yamefunga juu yake. Kisha jaketi likamtapika, akaja juu amelala, mateke yanapiga kama mashine, mkono wa kushoto umeshika ukanda wa ndani, na bega bovu amelilaza tu, halitumii. Kifua kikapita. Tumbo likapita. Akabaki hapo amening'inia, nusu ya mwili ndani, miguu nje, hakuna anayejua ataangukia wapi. Akajipindua ubavuni. Akaangukia ndani, kichwa chake kikatua mapajani pangu.

Vijana wakapiga makofi. Lewa akapiga mluzi. Mimi mikono yangu ilikuwa bado chini ya mapaja, na uzito wa kichwa chake uliikandamiza zaidi, na sikujali kabisa.

"Umepita, Mzee Mwidani," Jael akasema. Akatoa kalamu iliyokuwa imechomekwa kwenye nywele zake.

"Usiandike, mwanangu," mzee akasema.

Jael akasimamisha kalamu. Mzee alikuwa bado amelala, anatazama juu, kifua kinapanda na kushuka. Akangoja hadi pumzi ikamrudia kidogo.

"Nimepanda mara moja," akasema. "Mara moja huweza kuwa bahati. Wewe utaandika kwamba naweza, na mimi nitakwenda nayo baharini, na huko sitakuwa na wewe wala na huyu." Akanigusa goti. "Nataka niondoke najua."

"Mzee, umechoka," Jael akasema. "Kanuni haidai mara mbili. Ukishindwa sasa mimi nitaandika nini?"

"Utaandika ulichokiona."

Jael akanigeukia mimi, kana kwamba nimwambie aache. Nilimtazama mzee. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa uchovu. Meli yake ilikuwa tayari mkononi mwake, ilibaki jina tu kuandikwa. Kila kitu nilichonacho kilitaka nimwambie mwalimu aandike, aandike upesi, tukampeleke huyu mtu nyumbani.

"Mwache," nikamwambia.

Mzee Mwidani akajibiringisha ukingoni, akajiachia, akaangukia majini.

Akajaribu, akateleza. Sikusogea. Akashika kamba tena, safari hii hakufumba macho. Alikuwa ananitazama mimi usoni, na mimi nikamtazama yeye, mkwe kwa mkwe, bila kuinamisha kichwa, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu siku aliyonipa Waridi. Akazama. Akaibuka amelala. Mateke, kifua, tumbo, ubavu. Akaingia.

Alikaa kitako, akavua kofia, akakamua maji ndevuni. Kisha akamwangalia Jael.

"Sasa andika," akasema.